TV Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ubovu Kwenye Bodi ya Umeme

Haipiti wiki bila mtu kufika kwenye meza yangu hapa Temeke na bodi ya TV iliyofungwa kwenye gazeti. Maelezo ni yaleyale. "Kaka, nimebadili fyuzi mara tatu, kila nikichomeka inalipuka." Mwingine amebadili kapasita zote (vifaa vya kuhifadhi chaji), mosifeti (swichi ya kielektroniki) na aisii (kidude chenye saketi nzima ndani), nauli na hela ya vifaa imeishia Kariakoo, na TV bado giza. Nikiuliza, "Ulianza kupima wapi?" jibu halipatikani.

Wengi wao wanalehemu vizuri. Wanakwama kwa mambo mawili: wanabadili kifaa kabla ya kukipima, na wakipima, waya mweusi wa mita wanaubandika pasipo pake. Mwongozo huu nimeupanga kuzunguka makosa hayo mawili. Unahusu TV bapa za LED, ziwe na bodi ya umeme peke yake au zile ndogo ambazo bodi ya umeme na bodi kuu (ile ya picha, sauti na rimoti) ni kipande kimoja.

Onyo mapema: ndani ya bodi hii kuna volti zaidi ya 300 za umeme wa DC, ule usiobadili mwelekeo, na zinaweza kubaki hata baada ya plagi kutolewa. Zinaua. Kama hujawahi kupima umeme wa soketi kwa mita, fanya Hatua ya 1 peke yake, kisha mpelekee fundi majibu uliyopata. Na kama unaendelea, usifanye ukiwa peke yako nyumbani. Awepo mtu anayejua swichi kuu iko wapi.

## Mahitaji

- Maltimita ya dijitali yenye kipimo cha dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), inayobeba volti 600 au zaidi. Kagua nyaya zake, zilizochubuka tupa.
- Balbu ya nyuzi, ile ya zamani inayotoa joto: wati 60 kwa TV ya inchi 32 kushuka, wati 100 kwa kubwa zaidi. Balbu ya LED haifai kabisa kwa kazi hii.
- Holda ya balbu, soketi moja, plagi na waya.
- Rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 10, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri.
- Rezista ndogo ya kilo-omu 1.
- Balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, waya wa risasi wenye dawa ndani, na pampu ya kunyonyea risasi.
- Mswaki mkavu na spiriti ya isopropili ya asilimia 99.
- Bisibisi nyota, blanketi, tochi, na simu ya kupigia picha.

Vipuri havimo kwenye orodha, na nimeviacha makusudi. Hakuna cha kununua mpaka mita iseme.

Balbu ya nyuzi unaiunga hivi: waya wa moto kutoka kwenye plagi unapita kwenye holda kwanza, ndipo unafika kwenye soketi. Nyutro inakwenda soketi moja kwa moja. TV ukiichomeka kwenye soketi hiyo, umeme wote lazima upite kwenye balbu. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na bodi inanusurika. Kifaa hiki ndicho kilichookoa bodi nyingi kuliko kingine chochote mezani kwangu.

## Hatua ya 1: Soma dalili TV ikiwa bado imefungwa

Anza na soketi. Chomeka chaji ya simu palepale uone kama inachaji. Badili waya wa umeme wa TV kama unatoka. Ekstensheni zetu nyingi zimelegea ndani, na nimewahi kuletewa TV nzima kutoka Gongo la Mboto kumbe ubovu ni ekstensheni.

Kisha angalia taa ndogo ya mbele. Taa hiyo inakupunguzia nusu ya kazi.

Hakuna taa kabisa. Ubovu uko upande wa kuingilia umeme au kwenye sehemu ya stendibai, ile inayotoa umeme mdogo TV ikiwa imezimwa kwa rimoti. Nenda Hatua ya 2 hadi ya 7 bila kuruka.

Taa nyekundu ipo, TV haiwaki ukibonyeza rimoti. Kwa kawaida fyuzi ni nzima, dayodi za kuingilia ni nzima, na sehemu ya stendibai inafanya kazi. Kubadili fyuzi hapa ni kupoteza muda. Fanya Hatua ya 2 hadi ya 4, soma ya 7 kuhusu waya mweusi na pini ya STB, kisha uende ya 8.

Taa inapepesa kwa mpangilio. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kutulia, uandike. Kila kampuni ina maana zake, na zimo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo.

Sauti ipo, kioo ni cheusi. Zima taa za chumba, washa tochi, uimulike kioo kwa karibu na kwa pembeni. Ukiona picha hafifu ndani ya giza, TV inafanya kazi ila baklaiti, yaani taa zinazomulika kioo kwa nyuma, imekufa. Fanya Hatua ya 2, soma ya 7 kuhusu waya mweusi, kisha nenda Hatua ya 9. Mama mmoja wa Mbagala alikuwa ameshauziwa bodi mbili za umeme kwa dalili hii. Kilichokufa ni taa moja ya LED nyuma ya kioo, kitu kidogo kuliko kucha.

## Hatua ya 2: Fungua bila kuvunja kioo

Toa plagi. Kuizima kwa rimoti au swichi haitoshi.

Tandika blanketi juu ya meza tambarare, ulaze TV kifudifudi. Godoro halifai kwa sababu linabonyea katikati na kioo kinapinda. Piga picha kabla ya kugusa skrubu: zina urefu tofauti, na ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye kioo.

Ukiondoa mgongo, piga picha nyingine ya kebo zote. Bodi ya umeme ni ile ambayo waya wa plagi unaingia, yenye transfoma na kapasita nene. Kebo bapa nyembamba zinazokwenda juu ya kioo usiziguse leo.

## Hatua ya 3: Toa chaji kwenye kapasita kubwa

Umeme wetu ni volti 230. Ukishapita kwenye dayodi na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, unapanda hadi volti 325 hivi. Kwenye TV kubwa zenye sehemu ya kurekebisha umeme wa kuingilia, unafika 380 hadi 400.

TV nzima ikitolewa plagi, chaji hiyo huisha yenyewe. TV mbovu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu njia ya kuimaliza chaji imekatika. Bodi iliyokufa jana jioni inaweza kukutupa asubuhi.

Weka mkono mmoja mfukoni. Kwa mkono mwingine, gusisha nyaya za rezista ya kilo-omu 2.2 kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa, uhesabu taratibu hadi kumi. Halafu pima kwa mita, kwenye kipimo cha volti za DC.

Umefanikiwa pale mita inaposoma chini ya volti 10. Ikiwa juu, rudia.

Usitumie bisibisi kupiga shoti miguu ya kapasita. Nimeona mafundi wazoefu wakifanya. Cheche ile inachana njia za shaba na inaweza kuua aisii iliyokuwa nzima, kisha unatafuta ubovu uliouleta mwenyewe.

## Hatua ya 4: Macho na pua kabla ya mita

Fungua bodi, igeuze pande zote mbili chini ya mwanga mkali.

Dar ina mambo yake hapa. Chumvi ya bahari inafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Bodi kutoka Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach naletewa zikiwa na ukungu wa kijani kwenye miguu ya vifaa. Mende wanapenda joto la transfoma na uchafu wao unapitisha umeme. Mjusi akilala kati ya miguu miwili yenye volti 300, anakufa yeye na fyuzi inakwenda naye. Ukimkuta, mtoe, safisha alama nyeusi kwa mswaki na spiriti mpaka ubao uonekane safi, kisha endelea kupima. Mara nyingi hakuna kingine kilichoharibika, ila usikisie.

Tafuta pia:

Kapasita zilizovimba kichwa au zilizotoa maji ya kahawia miguuni. Nyingi ziko upande wa kutolea umeme, karibu na vipoza joto. Lakini kapasita inaweza kuwa imekauka ndani huku kichwa chake ni bapa kabisa.

Risasi iliyopasuka kwa umbo la pete kuzunguka mguu wa transfoma, kiunganishi au mosifeti. Inamulikwa kwa tochi ya pembeni. Hii ndiyo sababu ya TV nyingi ambazo "ukiigonga inawaka".

Gundi iliyobadilika kutoka rangi ya krimu kuwa kahawia iliyokolea. Wakati wa kiwandani ilikuwa haipitishi umeme. Ikizeeka kwa joto inaweza kuanza kupitisha na kula miguu ya vifaa vidogo. Ikwangue yote.

## Hatua ya 5: Pima bila umeme, kuanzia fyuzi kwenda ndani

Hapa ndipo watu wengi wanafeli, kwa hiyo twende taratibu. Plagi imetolewa, kapasita haina chaji. Weka mita kwenye kipimo cha dayodi.

Fyuzi. Weka ncha mbili pande zake. Mita ilie. Kama hailii, fyuzi imekatika. Angalia vizuri: bodi za siku hizi nyingi hazina fyuzi ya kioo. Ni kidude cha mstatili au mviringo, cheusi au kahawia, kimeandikwa kitu kama T3.15A 250V, na mtu asiyejua anakidhani ni kapasita.

Kama ni ya kioo, isome. Kioo kimeungua na kuwa cheusi: kuna shoti kubwa mbele yake. Kioo kisafi na uzi umekatika katikati tu: huenda ni umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Kwa vyovyote vile, usiweke mpya sasa. Fyuzi haikatiki bila sababu, na huenda sababu bado ipo ndani ya bodi. Wala usiizibe kwa uzi wa waya. Fyuzi ikizibwa, kitakachoungua ni bodi, au nyumba.

Varista. Ni kisahani, mara nyingi cha buluu, karibu na fyuzi. Kama kimepasuka au mita inalia juu yake, kimekufa kikilinda bodi. Kilichoandikwa 471 kinaanza kupitisha umeme kwenye volti 470 hivi. Badilisha kwa namba ileile.

Daraja la dayodi. Lina miguu minne, miwili ya katikati ikiwa na alama ya mawimbi. Kila jozi ya mguu wa wimbi na mguu wa jumlisha au kutoa isome takribani 0.5 hadi 0.6 upande mmoja, na isisome kitu ukigeuza ncha. Sifuri, au mlio, ni shoti.

Kapasita kubwa. Pima miguu yake. Namba inayopanda polepole ni dalili njema, kapasita inajaa. Mlio usiokatika unamaanisha kuna shoti sambamba nayo, na mara nyingi si kapasita yenyewe bali mosifeti inayofuata.

Mosifeti kubwa. Imefungwa kwenye kipoza joto, ina miguu mitatu. Ikiwa mita inalia kati ya mguu wa kati na wa pembeni kulia, ing'oe uipime nje ya bodi. Nzima itasoma 0.4 hadi 0.6 upande mmoja tu kati ya miguu hiyo miwili, na mguu wa kuamrisha, ule wa kushoto, usisome na wowote. Kwenye TV kubwa kuna mosifeti zaidi ya moja, pima zote.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila anayesoma alikariri. Mosifeti ikifa kwa shoti, karibu kila mara inaondoka na wenzake. Umeme wote unapita kwenye rezista ndogo yenye thamani ya chini, kama omu 0.22 au 0.47, inayounganisha mguu wake na ardhi, yaani njia ya kutoa ya bodi. Rezista hiyo inakatika. Rezista na dayodi ndogo kwenye mguu wa kuamrisha zinaungua. Na volti 325 zinarudi hadi kwenye aisii inayoiamrisha. Ukibadili mosifeti na fyuzi peke yake, aisii iliyokufa itaiacha mosifeti mpya ikipitisha umeme moja kwa moja, na utasikia mlipuko uleule. Hiyo ndiyo siri ya "nimebadili mara tatu". Pima kila kifaa kinachogusa miguu ya mosifeti, na aisii hiyo ukiwa na shaka ibadili pamoja nayo.

Umefanikiwa kwenye hatua hii pale ambapo hakuna shoti kutoka kwenye plagi hadi kwenye kapasita kubwa, na unaweza kutaja kwa jina kifaa kilichosababisha fyuzi kukatika.

## Hatua ya 6: Washa kupitia balbu

Badili vilivyokufa (angalia Hatua ya 10 kwanza kuhusu kununua), weka fyuzi mpya ya ampea zilezile, chomoa kebo inayokwenda bodi kuu na ile ya baklaiti. Kwa bodi ya kipande kimoja chomoa baklaiti tu. Rudisha bodi kwenye skrubu zake. Chomeka kwenye soketi ya balbu.

Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia au kuzima, ni njema: kapasita imejaa na hakuna shoti.

Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, toa plagi, toa chaji, rudi Hatua ya 5. Kuna kitu umekiruka.

Ikipumua, inawaka na kufifia kwa mdundo, bodi inajaribu kuanza na inazuiwa. Mara nyingi shoti iko upande wa kutolea, kwenye dayodi zilizo baada ya transfoma.

Balbu haikukingi wewe. Kila kitu kwenye bodi sasa kina umeme wa kuua.

## Hatua ya 7: Pima bodi ikiwa na umeme, na uweke waya mweusi mahali pake

Bodi imegawanyika sehemu mbili. Upande wa moto unaanzia kwenye plagi hadi kwenye transfoma. Upande wa baridi unaanzia baada ya transfoma hadi kwenye viunganishi. Bodi nyingi zina mstari mnene mweupe uliochorwa kutenganisha, nao unapita chini ya transfoma na chini ya optokapla, vile vidude vya miguu minne.

Ardhi za pande hizi mbili hazijaungana. Ukipima upande wa moto, waya mweusi unakaa kwenye mguu wa kutoa wa kapasita kubwa. Ukipima upande wa baridi, unakaa kwenye chuma cha TV. Aliyeweka waya mweusi kwenye chuma na kupima kapasita kubwa anapata namba za ajabu, anaamini bodi imekufa, anakwenda kununua vifaa visivyohitajika. Na anayeunganisha ardhi hizo mbili kwa waya "ili iwe rahisi kupima" anapeleka umeme wa ukutani kwenye chuma cha TV. Usifanye hivyo kamwe.

Bana waya mweusi kwa kibanio kabla ya kuwasha, kisha tumia mkono mmoja tu kwa waya mwekundu.

Pima kapasita kubwa. Kwenye stendibai tarajia 300 hadi 325, kutegemea umeme wa mtaani kwenu siku hiyo na kidogo kinachoishia kwenye balbu.

Hamia upande wa baridi. Tafuta pini iliyoandikwa STB, 5VSB au 5V kwenye kiunganishi cha bodi kuu. Isome 5 bila kuyumba. TV kadhaa hutumia 3.5, na nyingi ndogo za siku hizi hazina stendibai tofauti, zinatoa 12 muda wote. Fuata maandishi yaliyo kwenye bodi yako.

Kama 325 zipo na 5 hazipo, washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni kapasita ndogo inayolisha aisii ya stendibai, kawaida mikrofaradi 10 hadi 47 za volti 50. Iko karibu na joto, inakauka mapema, na kwa nje inaonekana mpya. Naibadili kwanza kwa sababu ni ya bei ndogo na ndiyo yenye kosa mara nyingi. Wa pili ni mnyororo wa rezista za thamani kubwa unaoamsha aisii kutoka kwenye zile volti 325. Toa plagi, toa chaji, pima moja moja. Wa tatu ni aisii yenyewe.

Kama 5 inayumba, sema 3.8 kisha 4.6 kisha 4.1, badili kapasita za upande wa baridi kwenye njia hiyo.

## Hatua ya 8: Tenganisha bodi ya umeme na bodi kuu

Taa nyekundu ipo, TV haiwaki. Nani ana kosa? Usibahatishe, kwa sababu bodi kuu ni ghali kuliko ya umeme.

Kwanza, kebo zote zikiwa zimechomekwa na bila balbu ya nyuzi, pima pini ya PS-ON (nyingine huandikwa P-ON au PWR-ON) huku mtu akibonyeza rimoti. Ikipanda kutoka sifuri hadi volti 2.5 au zaidi, bodi kuu imetoa amri. Kama volti 12 hazitoki kwenye pini ya 12V baada ya amri hiyo, kosa ni la bodi ya umeme.

Kama PS-ON haipandi, toa plagi, toa chaji, chomoa kebo ya bodi kuu. Unga rezista ya kilo-omu 1 kati ya STB na PS-ON. Hapo unaiamuru bodi ya umeme wewe mwenyewe. Unga balbu ya pikipiki kwenye pini ya 12V na ardhi ya baridi, kwa sababu bodi nyingine zikikosa mzigo zinajizima au kuyumba. Chomeka.

Balbu ya pikipiki ikiwaka vizuri na mita ikasoma 12 tulivu, na 24 kama ipo, bodi ya umeme ni nzima. Acha kuichokonoa. Kosa liko bodi kuu, au programu yake.

Bodi ya 12 muda wote haina cha kuamrisha. Pima 12 tu.

## Hatua ya 9: Baklaiti

Hapa sitakaa sana. Kwenye kiunganishi cha baklaiti, pima wakati TV inawaka. Volti zinaweza kuzidi 100, kwa hiyo heshima ileile. Zikiruka juu kwa sekunde moja kisha zikaanguka, bodi inatoa ila mnyororo wa LED umekatika: ni stripu, yaani ukanda wa taa za LED nyuma ya kioo. Zisipotoka kabisa wakati pini ya BL-ON (amri ya kuwasha baklaiti) ina volti 2.5 au zaidi, ni sehemu ya kuendesha baklaiti kwenye bodi.

Stripu zikianza kufa, badili zote kwa pamoja, kisha ushushe mwanga wa baklaiti kwenye menyu hadi nusu. Zitadumu zaidi.

## Hatua ya 10: Kununua na kulehemu

Ukienda Kariakoo, nenda na kifaa kilichokufa mkononi. Linganisha unene wa chuma, urefu wa miguu na maandishi. Maandishi yanayofutika kwa kidole chenye spiriti ni ya kuogopa. Kapasita omba ipimwe palepale dukani.

Mimi kwa mosifeti na aisii napenda zaidi kunyofoa kwenye bodi chakavu zilizotoka kwenye TV zilizovunjika kioo. Zimetoka kiwandani, na nikizipima naziamini kuliko mpya nisiyoijua ilikotoka.

Kapasita: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, nyuzi joto 105. Fuata upande wa kutoa. Ukiigeuza itapasuka usoni.

Mosifeti: rudisha karatasi yake ya maika au mpira kati yake na kipoza joto, pamoja na kikombe cha skrubu. Ukisahau, mgongo wake utagusa chuma na kazi yote ya Hatua ya 5 inaanza upya.

Lehemu nzuri inang'aa na kushuka kama mlima kuzunguka mguu. Iliyokaa kama tone la mvua haijashika. Wakati pasi bado ina moto, pitia upya miguu yote ya transfoma na viunganishi hata kama hukuona ufa.

## Hatua ya 11: Jaribu kabla ya kufunga

Washa kupitia balbu kwanza. Ukiona imetulia, hamia soketi ya kawaida. Iache iwake saa mbili, sauti ikiwa juu, feni ya chumba ikiwa imezimwa, mgongo bado wazi na watoto wakiwa mbali. Kisha toa plagi, toa chaji, halafu gusa vipoza joto kwa mgongo wa kidole. Joto ni kawaida. Kisichovumilika kwa sekunde mbili kina shida bado.

Izime kwa rimoti, iwashe tena, mara tano. Halafu itoe plagi dakika kumi na ujaribu tena ikiwa imepoa kidogo, kwa sababu kapasita iliyochoka hujificha bodi ikiwa ya moto na hujitokeza ikipoa.

Mwambie mwenye TV anunue kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha, kile ambacho umeme ukirudi kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kwa anayekaa karibu na bahari, mwambie pia asiiweke TV mkabala na dirisha lililo wazi kuelekea upepo.

Kabla ya kurudisha mgongo, chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, vifaa ulivyobadili, na namba ulizosoma kwenye kapasita kubwa, STB na 12V. Kibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya mgongo, mbali na bodi. Fundi atakayeifungua baada yako, au wewe mwenyewe mwakani, ataanzia hapo.